Denis Burkitt: mpasuaji aliyeweka kisu chini akashika sindano

Mitaani kwetu ukisema fulani amewekewa dripu ya kansa, watu huanza kumhesabu katika walioondoka. Nimeyasikia haya barazani, misibani na hata ndani ya matatu. Kuna atakayekuambia kwa yakini kwamba jirani yake hakuuawa na kansa, aliuawa na dawa aliyotiwa mshipani. Mwengine atasema tiba hii ni ya Wazungu, ilipimwa kwa miili yao, na sisi huku tunaletewa masalio. La kwanza nitalijibu kadiri niwezavyo hapa chini. La pili si kweli hata kidogo, na anayetaka ushahidi na asome maisha ya daktari mmoja mwenye jicho moja aliyefanya kazi Kampala, jirani zetu, miaka ya mwisho ya ukoloni.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali, mjenzi wa barabara na madaraja, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa ndege. Alikuwa akiwafunga vikuku miguuni ndege wadogo wa bustanini kwake, kisha akichora ramani ya mahali kila mmoja anapokaa na mpaka asiouvuka. Msomaji lishike hilo la ramani, maana mtoto alilirithi.

Alipokuwa na miaka 11 watoto walirushiana mawe, jiwe likampiga usoni, miwani ikavunjika na jicho moja likapotea. Alianza kusomea uhandisi kama babake katika chuo cha Trinity, Dublin, akaacha njiani na kuhamia udaktari. Alikuwa Mkristo mshika dini sana, na kwake kazi ya udaktari ilikuwa ni wito. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji Edinburgh. Alipoomba kwenda Afrika Magharibi kuhudumu katika serikali ya kikoloni alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto jeshi halikuwa na nafasi ya kuchagua macho. Likamchukua, na huko ndiko alikoletwa Kenya na Somalia, kisha Ceylon. Kenya haikuwa ngeni kwa ukoo wao. Ami yake, Dakta Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji wa Nairobi aliyejulikana na kila mlowezi.

Vita vilipokwisha akaomba tena, safari hii akakubaliwa, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, yeye na mkewe Olive. Kazi yake ya mwanzo ya maana huko ilihusu maradhi ambayo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa: mabusha. Aliona kwamba wanaume wengi wa upande wa mashariki wa wilaya walikuwa nayo, na wa magharibi karibu hawana kabisa. Daktari mwengine angepasua tu mmoja baada ya mwengine mpaka astaafu. Yeye alikaa akachora ramani, akaandika makala iliyochapishwa mwaka 1951. Kwetu busha huitwa mshipa pia, na nacheka kidogo nikifikiri kwamba bwana huyu alianza na mshipa huo akaishia kutafuta mshipa wa mkono.

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Hapo ndipo mambo yalipomfika.

Siku moja mwaka 1957 mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba mataya, kulia na kushoto, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepinda. Burkitt hakuwa amepata kuona kitu kama hicho. Usaha haukai pande nne kwa pamoja, na kansa ya kawaida ya mfupa huanza mahali pamoja. Alimpiga picha, kwani kamera haikumtoka mkononi, akabaki na swali lake. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja akizungukia wagonjwa. Akachungulia dirishani, akamwona mama amekaa kwenye nyasi na mtoto mwenye uso uleule. Alitoka mbio kwenda kumtazama. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani, na kila alipofungua akakuta watoto waliokufa na uvimbe wa taya, na katika wengi wao uvimbe mwengine kwenye figo, ini, mayai ya uzazi au uti wa mgongo. Madaktari walikuwa wameyaandika kama maradhi mbalimbali. Yeye akasema ni maradhi mamoja, akachapisha mwaka 1958. Wapimaji wa maabara ya Kampala ndio waliokuja kuthibitisha kwamba ilikuwa ni limfoma, yaani kansa ya chembe za damu zinazopaswa kutulinda na maradhi. Leo dunia nzima inaiita kwa jina lake.

Nina neno langu hapa. Watoto wale, Waganda na Walango na wengineo, hawana jina katika historia hii. Jina limebaki la daktari. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na sitaki kumlaumu mtu mmoja kwa desturi ya dola nzima. Lakini kila nikiandika Burkitt, nawakumbuka na wao.

Sasa alikuwa mpasuaji mbele ya ugonjwa ambao kisu hakiuwezi. Utakata nini? Ukiondoa taya, uvimbe uko tumboni. Ukiondoa figo, uko uti wa mgongo. Alijaribu, na watoto walikufa. Mashine ya mionzi haikuwapo Uganda. Uvimbe huu ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kuliko kansa zote za binadamu, mtoto anayecheka mwezi huu mwezi ujao hawezi kufumba mdomo.

Kabla hajapata jibu la tiba alirudia mchezo wa babake. Aliomba ruzuku ya pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha za watoto wale, akazituma hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza: mmewaona hawa? Majibu aliyachomeka kwenye ramani ukutani. Kisha tarehe 7 Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia ndani ya gari la Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250, wakashika njia ya kusini. Walipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji mpaka Afrika Kusini, na kurudi. Wiki 10, maili 10,000, hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha zao.

Walichokiona ni kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua. Ulikuwapo mabondeni na mwambao, ukakosekana nyanda za juu zenye baridi. Ukanda wetu wa Pwani umo ndani ya ramani ile, pamoja na nchi za kando ya Ziwa Victoria. Mtu wa kwanza kuitazama ramani angesema hii ni ramani ya malaria, na kweli baadaye ilikuja kufahamika kwamba malaria kali ya mara kwa mara utotoni ina mkono wake. Mkono mwengine ni wa kirusi. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, alikaa nyuma akasikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakakiona kirusi ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Nasisitiza kwa ajili ya wanaoogopa kukaa na mgonjwa: kirusi hicho karibu sote tumekipata utotoni kwa mate tu, na wachache mno huugua kansa hii. Hauambukizi ugonjwa wenyewe.

Turudi kwenye tiba, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Dawa za kuua kansa kwa njia ya damu zilikuwa changa. Mwaka 1942, chuo cha Yale huko Marekani, madaktari walimdunga mgonjwa mshipani dawa iliyotokana na gesi ya haradali, silaha ya vita, wakaona uvimbe wake wa limfoma unayeyuka, kisha ukarudi. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba watoto wenye kansa ya damu walipata nafuu ya muda kwa dawa inayopinga vitamini ya foleti. Nafuu ya muda, hayo ndiyo maneno ya wakati ule. Kansa ilipungua, familia ikafurahi, ikarudi, mtoto akafa. Madaktari wengi wakubwa waliona ni ukatili kuwatesa wagonjwa kwa sindano kwa ajili ya miezi michache.

Katika hali hiyo walifika Kampala wageni kutoka hospitali ya Sloan-Kettering, New York, Joseph Burchenal na mwenzake Herbert Oettgen. Walikuwa wakitafuta kansa inayoweza kusikia dawa, na Burkitt alikuwa na wagonjwa na hana dawa. Wakampa methotrekseti. Baadaye akapata na saiklofosfamaidi, ambayo ni mjukuu wa ile gesi ya haradali iliyofugwa ikawa dawa, na vinkristini.

Hii ya tatu ina habari yake. Inatoka kwenye ua la asili ya Madagaska, lile dogo lenye petali tano, la waridi au jeupe, linalostahimili jua na chumvi na ambalo pengine liko mlangoni kwako sasa hivi. Usiende ukalichemsha. Ndani ya ua hilo mna sumu nyingi zilizochanganyika, na dawa hupatikana kwa kuchuja majani mengi mno kupata chembe kidogo inayopimwa kwa miligramu. Tena ukiimeza haifanyi kazi ipasavyo. Ni lazima iingie mshipani.

Na hapa nimjibu yule anayeuliza kwa nini wasipewe vidonge tu. Baadhi ya dawa hizi zipo za vidonge, methotrekseti na saiklofosfamaidi humezwa katika matibabu mengine. Lakini mtoto wa Burkitt alikuwa na mdomo uliojaa uvimbe, atameza nini, na akitapika utajuaje kiasi gani kimebaki? Ukitia mshipani unajua kwa hakika kipimo kilichoingia, na damu inakichukua kwa dakika chache mpaka kwenye taya, figo, ini, kila pembe ambayo kisu hakifiki. Damu nyingi inayopita pia huizimua dawa isiunguze mahali pamoja. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama mpaka kidonda. Ndiyo sababu muuguzi anayeijua kazi huhakikisha kwanza sindano imekaa sawa, na ndiyo sababu mgonjwa akihisi moto mkononi anapaswa kupiga kelele hapohapo, asione haya na asiambiwe avumilie.

Burkitt hakuwa mtaalamu wa dawa hizi. Hakuwa na vyumba vya kuwatenga wagonjwa wala damu ya kutosha ya kuwaongezea iwapo dawa ingewashusha kinga. Kwa hiyo alitoa dozi za kiasi, moja au mbili, akiogopa kuua kwa tiba. Wakubwa wa Ulaya wangesema dozi hizo ni chache mno.

Kilichotokea kilimshangaza yeye mwenyewe. Uvimbe uliokuwa umefunga jicho la mtoto ulianza kunywea ndani ya siku chache. Uso ukarudi mahali pake. Picha zake za kabla na baada zilizunguka duniani, na asiyeziamini alikaribishwa Mulago aje aone. Kansa inayokua upesi, chembe zake ziko mbioni kugawanyika, na dawa hizi huzipiga chembe zikiwa katika kugawanyika. Wepesi uleule uliokuwa ukiwaua watoto ndio ulioiweka kansa wazi mbele ya sindano.

Lakini kuondoka uvimbe si kupona. Wengi ulirudi. Na wengi waliporuhusiwa kwenda nyumbani hawakuonekana tena, kwa sababu mzazi aliyemleta mtoto kwa ajili ya uvimbe, uvimbe umekwisha, arudi kufanya nini, na nauli ni ya nani? Wafanyakazi wa hospitali walilazimika kuwafuata vijijini kujua nani yu hai. Ni katika kuwafuata huko ndipo ilipobainika jambo ambalo halikutarajiwa: baadhi ya watoto waliodungwa mara moja au mbili tu, miaka ikapita, walikuwa wazima, wanacheza, wanakwenda skuli. Mwaka 1967 Burkitt aliliandika hilo kwa ajili ya madaktari wa dunia. Walikuwa wachache kati ya waliotibiwa, na yeye hakulificha hilo. Ila kabla ya hapo kansa chache sana ziliwahi kuponywa kwa dawa peke yake. Sasa palikuwa na ushahidi mwengine, na ulitoka Kampala.

Hakuwa peke yake. Nairobi, Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto wa aina hiyohiyo kwa dawa hizohizo. Ibadan huko Nigeria alikuwako Victor Anomah Ngu, mpasuaji mzaliwa wa Kamerun, naye akipata matokeo kama hayo. Mwaka 1972 ilipotolewa tuzo kubwa ya Lasker kwa waliothibitisha kwamba dawa huponya kansa, Burkitt na Ngu walikuwa miongoni mwa waliotuzwa. Sijui kwa nini vijana wetu hawafundishwi jina la Ngu skulini.

Burkitt alihamia katika baraza la utafiti la Uingereza mwaka 1964, akarudi kwao mwaka 1966. Mwaka mmoja baadaye, 1967, kituo maalumu cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa chuo cha Makerere na Wamarekani, kikiongozwa na kijana John Ziegler, pamoja na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda. Hapo ndipo kazi ya Burkitt ilipotiwa kipimo. Saiklofosfamaidi ilitolewa kwa mkupuo mmoja mshipani, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, maana yake mtoto wa kilo 15 alipata miligramu 600, kisha akarudia kwa zamu.

Na hapo yalifahamika mambo mawili ambayo mtu akiyajua hataogopa tena dripu kama anavyoiogopa sasa. La kwanza ni yale maji. Kansa kubwa ikifa kwa siku mbili tatu, taka zake zote huingia kwenye damu kwa wakati mmoja, na figo zinaweza kuziba. Mtoto anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi kupita kiasi. Pia masalio ya saiklofosfamaidi huunguza kibofu. Basi mgonjwa hujazwa maji mshipani kabla na baada ya dawa ili akojoe sana. Chupa kubwa inayoning'inia ambayo jamaa huitazama kwa hofu, aghalabu sehemu yake kubwa ni maji ya chumvi ya kumsafisha. Dawa yenyewe inaweza kuwa bomba dogo la sindano lililosukumwa kwa dakika chache.

La pili ni sindano ya mgongo. Kansa hii hupenda kujificha kwenye ubongo na majimaji ya uti wa mgongo, na dawa nyingi zitiwazo mkononi hazivuki kuingia huko. Mtoto alionekana amepona, mara uso unapooza upande mmoja au anaona viwiliviwili. Ikabidi methotrekseti itiwe moja kwa moja kwenye majimaji hayo kupitia chini ya kiuno. Wazazi wetu wengi hukataa hapa. Wanasema sindano ya mgongo hulemaza. Sindano hupigwa chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na kinacholemaza, ukiachiwa, ni ugonjwa. Lipo hata hivyo jambo la kuogopwa kwa haki: vinkristini isiingie mgongoni kamwe. Ikiingia huua. Hospitali zinazojali huiweka mbali kabisa na meza ya sindano za mgongo, na mzazi ana haki ya kuuliza ni dawa gani iliyomo kwenye bomba kabla haijadungwa. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Idi Amin alipochukua nchi mwaka 1971 na Wamarekani wakaondoka, wengi walidhani kituo kitafungwa. Charles Olweny, daktari Mganda, alishika usukani na kazi ikaendelea katika miaka ambayo hata sabuni ilikuwa shida. Leo ndiyo Taasisi ya Kansa ya Uganda. Kila nikisikia kwamba tiba hii si yetu nawafikiria wauguzi wa Kampala waliotafuta mishipa ya watoto katika miaka ile.

Kwa Burkitt mwenyewe, Uingereza ilimpa umaarufu wa namna nyengine, na Wazungu wengi wanamjua kwa huo tu. Aliona maradhi ya tumbo na utumbo yaliyojaa hospitali za kwao hakuyaona Uganda, akaamini ni kwa sababu Mwafrika alikula chakula chenye makapi na Mzungu alikula unga mweupe. Akaandika kitabu mwaka 1979, akazunguka dunia akihubiri unga usiokobolewa. Mengine aliyosema wataalamu wanayabishia hadi leo. Ningependa tu aje aone tunavyokula mahamri ya unga mweupe asubuhi na chapati za unga uleule jioni.

Haya yanatuhusu vipi hapa? Kwa namna iliyo wazi. Mtoto wa Kilifi, wa Kwale, wa Tana River, yumo ndani ya ramani ya mwaka 1961. Taya likivimba hudhaniwa ni jino. Jino linang'olewa, uvimbe hauondoki, wengine wanasema ni jicho la mtu, anapelekwa kwa mganga akachanjwa, anaandikiwa kombe. Sina ugomvi na dua, sote tunaomba na anayeponya ni Mwenyezi Mungu. Lakini kansa inayoweza kukua maradufu ndani ya siku chache haisubiri wiki sita za kuzunguka. Taya la mtoto likivimba na meno yakalegea bila usaha, au tumbo likajaa ghafla, hiyo ni safari ya hospitali kubwa siku hiyohiyo, na kipande kidogo cha uvimbe kichukuliwe kikapimwe. Zamani ilikuwa lazima upande basi kwenda Nairobi. Siku hizi dawa hizi hutolewa Mombasa pia, hospitali kuu ya Pwani pale Makadara.

Na uvimbe ukishanywea baada ya sindano ya kwanza, shida ya Kampala ya mwaka 1962 ndiyo yetu pia. Baba anasema mtoto mzima huyu, pesa za nauli zikalipe karo. Nywele zimemtoka mtoto, ametapika, bibi yake hataki ateswe tena. Wanarudi nyumbani na dozi zilizobaki. Halafu uvimbe unarudi, sasa umeshazoea dawa, naye hufa, na mtaa mzima unasema si tuliwaambia, dripu ndiyo iliyomuua. Kwa hakika dawa ina madhara yake. Hushusha kinga, na mtoto aliyedungwa akipata homa arudishwe hospitali usiku huohuo, maana homa hiyo inaweza kuua kabla ya asubuhi. Serikali ya kaunti ingelipia nauli za hawa wazazi wachache kwa zamu zao zote ingeokoa watoto kwa fedha ambayo viongozi wetu huimaliza kwa warsha moja ya hotelini.

Burkitt alikuwa na miaka 82 alipofariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester. Ameacha mabinti watatu na sanduku kwa sanduku za picha. Dawa ya kwanza anayodungwa mtoto mwenye limfoma yake, hapa Afrika Mashariki, aghalabu ni ileile saiklofosfamaidi: unga mweupe ndani ya kichupa, unaomiminiwa maji, ukatikiswa mpaka ukayeyuka wote, kisha ukavutwa kwenye bomba la sindano.